Mwaka Tuliopimwa na Bibi Mkaguzi

Tulimzika Leokadia huko Nyakakika, mvua ikinyesha na kuacha, na baada ya mazishi nikakalishwa kwenye viti vya wazee, jirani na turubai la vijana. Mjukuu wake ni daktari. Alikuwa amekuja na wenzake watatu, madaktari watupu, viatu vimejaa matope. Masikio yangu bado mazima, namshukuru Mungu, basi nikawasikia wakibishana ni hospitali gani hapa nchini iliyo bora kwa kijana anayetaka kusomea ubingwa. Mmoja aliisifu ile yenye mashine nyingi. Wa pili akasema mashine si kitu, kinachotakiwa ni maprofesa, na kule anakokutaka yeye maprofesa wanapigana vikumbo. Wa tatu, mpole kidogo, akauliza, "Lakini huko si utasimama nyuma miaka mitatu ukimwangalia mkubwa anapasua? Kisu utakishika lini?" Mjukuu akanigeukia. "Shikamoo, bibi. Wewe na marehemu mlisoma pamoja. Enzi zenu mlijuaje kwamba chuo hiki ni kizuri na kile kibaya?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia kwamba enzi zetu hukuchagua chuo, uliletwa tu kama mzigo. Wakacheka, wakaendelea na ubishi wao. Lile lilikuwa jibu la kukwepa. Nimekaa nalo wiki nzima linanikera, na ndiyo maana nimeomba daftari na kalamu.

Niliona siku moja jinsi chuo kinavyopimwa, tena nikiwa mimi mwenyewe ndani ya mizani. Miaka ya hamsini ilikuwa ingali michanga, nami nilikuwa mwaka wa pili na wa mwisho wa kusomea ukunga katika hospitali ndogo ya misheni, kilimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Omurushaka. Tulikuwa wanafunzi sita. Tulilala chumba kimoja chenye vitanda vya kamba, sakafu imetandikwa nyasi mbichi kama nyumbani, nasi tulizibadilisha kila Jumamosi tukigombana nani akakate. Maji tuliyateka kwenye chemchemi bondeni, tukayapandisha juu ya vichwa vyetu. Chakula kilikuwa ndizi na maharage, kesho maharage na ndizi, na msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, tulikula kwa kelele kama watu waliofika harusini. Hospitali ilikuwa na daktari mmoja, mwanamke Mzungu mrefu aliyekonda, tukimwita Mama Daktari. Yeye alitufundisha kutoka kitabuni, jioni mbili kwa wiki, akiwa amechoka hadi chaki inamwanguka mkononi. Siku nyingine zote tulikuwa mikononi mwa Yustina.

Yustina kwenye karatasi za hospitali alikuwa mfagiaji. Alifagia kweli, alfajiri, wodi zote mbili, kisha ananawa mikono hadi viwiko kwa muda mrefu kiasi kwamba tulikuwa tukisali Baba Yetu mara mbili kabla hajamaliza. Kisha anaingia leba na kuwa mtu mwingine. Hakujua kusoma. Alikuwa ameanza kazi hapo akiwa mjane kijana, akazalisha na madaktari wote waliopita, akachukua alichokiona kwa kila mmoja na kukiongeza juu ya alichofundishwa na mama yake. Alikuwa anaweka kiganja juu ya tumbo, anafumba macho, na kutuambia mtoto amelala vipi, mgongo uko wapi, na kama kuna haraka au tuna muda wa kunywa uji. Kisha anauchukua mkono wako na kuuweka palepale, na hauondoi mpaka na wewe umesikia. "Tumbo halidanganyi," alituambia. "Mdomo ndio wenye adabu." Sikumwona akikosea zaidi ya mara moja, na siku hiyo alilia.

Habari zilikuja pamoja na mavuno ya kahawa. Serikali imeamua kwamba katika mkoa wetu chuo kimoja tu ndicho kitakachotoa cheti cha ukunga. Ama chetu, ama kile cha hospitali kubwa kule ziwani, yenye umeme na sakafu ya saruji. Atakuja Bibi Mkaguzi kuvilinganisha. Na ili alinganishe vizuri, mwanafunzi mmoja wetu aende kule miezi sita, na mmoja wao aje kwetu. Chuo kitakachoshindwa kitafungwa, na wanafunzi wake watarudi makwao bila karatasi yoyote, hata kama wamebakiza mwezi. Mwenzetu Ruta alikwenda ziwani. Sisi tuliobaki hatukula vizuri siku ile, na mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia, kwa sababu nilijua nikirudi nyumbani bila cheti nitarudi kulima, na mikono yangu ilikuwa imeshajua kitu kingine.

Leokadia ndiye aliyeletwa. Alishuka kwenye lori la kahawa na sanduku la bati, soksi nyeupe, na saa ndogo imebanwa kifuani kwa pini, yenye mshale wa sekunde. Sisi tulihesabu mapigo ya moyo kwa kuchungulia saa ya Mama Daktari mkononi mwake. Alikuwa na vitabu vinne. Alijua majina ya mifupa yote ya nyonga, na ukimwamsha usingizini anakutajia. Alikuwa Mkatoliki katikati ya Walutheri, akifanya ishara ya msalaba kabla ya kula bila kujali tunavyomtazama. Alipewa kitanda kilichokuwa cha Ruta, jirani na changu. Siku ya kwanza alimtazama Yustina akiweka ufagio pembeni na kuanza kutufundisha, akaninong'oneza, "Huyu ndiye mwalimu?" Nikaona aibu, nikasema, "Huwa anasaidia tu." Kauli hiyo ilinitoka kirahisi mno.

Nilimwogopa Leokadia, nikampenda pia. Jioni alitufundisha alivyofundishwa kwao, akichora na mkaa ukutani, nami nilikaa mdomo wazi nikifikiri kwamba kama kule ziwani kila mwanafunzi yuko hivi, basi sisi tumekwisha. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye mwenyewe alinieleza tukiwa tunamenya ndizi. Kule kwao walikuwa wanafunzi wengi, na mzazi mmoja anazungukwa na watu saba. "Nimeona wazazi wengi wakijifungua," alisema, "lakini nimepokea mtoto kwa mikono yangu mwenyewe mara chache. Hapa nimefanya hivyo wiki ya kwanza." Mwezi wake wa pili kwetu alikuja mama mmoja, Yustina akamgusa, akafumba macho, akasema, "Wako wawili, na huyu wa nyuma ni mvivu." Leokadia akachukua pembe ya kusikilizia mapigo, akahangaika kwa muda, akasikia moyo mmoja, akahamisha, akasikia wa pili. Akakaa chini palepale sakafuni, na sare yake nyeupe. Tangu siku hiyo alimfuata Yustina hadi kwenye chemchemi, anauliza, anaandika, anauliza tena. Mimi nilikuwa nimemzoea Yustina. Ilibidi aje mgeni ndipo nimwone, na nilipomwona nilishtuka kwamba kwa mwaka mzima na nusu nilikuwa nimeishi na kitu kikubwa namna ile na kukiita msaada tu.

Kabla mkaguzi hajafika nilipelekwa stoo ya dawa kuhesabu bandeji, na ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Mama Daktari akizungumza na mchungaji. "Fomu ina sehemu ya walimu," alisema. "Jina, na cheti chake. Nikimwandika Yustina watatufunga siku hiyohiyo. Nisipomwandika, nimebaki mimi peke yangu, na chuo hakiwi na mwalimu mmoja." Mchungaji akauliza Yustina atakuwa wapi siku hiyo. Mama Daktari akajibu kwa sauti ndogo kwamba atakuwa kwenye kufua. Nilirudi chumbani nikawaambia wenzangu, na tukakubaliana kwamba siku hiyo hakuna atakayelitaja jina la Yustina. Leokadia hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa anachana nywele.

Bibi Mkaguzi alikuja asubuhi ya mawingu. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Mama Daktari. Alipewa chai, kisha akaanza: vitanda, mashuka, vitabu, ndoo, dirisha halifungi, kwa nini. Kila alichokitazama aliandika. Tulimfuata kwa macho tu. Na kabla hajafika leba tukasikia wabebaji wakija wakiimba kwa pumzi fupi, engozi mabegani, ile machela yetu ya kusuka. Walikuwa wametembea tangu jana yake kutoka Kimuli na mama mwenye uchungu. Mkaguzi akafunga daftari. "Vizuri," akasema. "Mtihani umekuja wenyewe. Wa ziwani atamwuliza historia yake na kumpima, kisha wa hapa. Mmoja asimsikie mwenzake." Akaninyooshea mimi kalamu nitoke nje.

Leokadia alimaliza kwa dakika chache na karatasi yake ilikuwa safi. Nilipoingia mimi nilimkuta yule mama amelala anatazama paa, mume wake amesimama mlangoni na wabebaji wawili. Hapa lazima niwaeleze wasomaji wasio wa kwetu. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa sauti, kama vile ng'ombe wasivyohesabiwa. Mtu akikuuliza una watoto wangapi, unasema wapo, Mungu anasaidia, na akikukaba unasema wawili, ili kifo kisipate hesabu kamili. Na kwa mkunga hesabu hiyo ni kila kitu, maana tumbo lililozaa sana huchoka, na likishamtoa mtoto husahau kujifunga, damu inatoka kama chemchemi. Yustina alitufundisha njia. Nikapiga magoti karibu na kichwa cha mama, nikamsalimu polepole, salamu zote hadi za migomba. Kisha nikauliza, "Leo nyumbani nani amebaki anateka maji?"

"Verediana."

"Na mbuzi wako na nani?"

"Wako na Deo. Na mdogo wake, maana Deo peke yake anawasahau."

"Nani analala na bibi yao?" Akataja wawili. Nani anayelia sana ukimwacha? Nani ameolewa? Akawa anajibu huku uchungu ukija na kupita, na mimi mikono yangu iko chini ya aproni, nakunja kidole kimoja kwa kila jina. Mwisho nikauliza kama Yustina alivyokuwa akiuliza, karibu na sikio, "Na waliotangulia?" Akataja majina mawili, kwa sauti ambayo hata mume wake hakuisikia. Nilitaka kulia lakini haikuwa kazi yangu wakati ule. Nikasimama, nikaenda alipokuwa mkaguzi pembeni, nikamwambia kwamba huu ni uzazi wa kumi, na naomba sindano ya kukaza mji wa mimba iwe tayari, na matofali ya kuinulia miguu ya kitanda, na wabebaji wasiondoke, ili wamtolee damu ikitakiwa.

Mkaguzi akaitazama karatasi ya Leokadia. "Mwenzako ameandika uzazi wa tatu. Mama amesema ana wawili. Nani mwongo hapa?"

"Hakuna mwongo, mama," nikasema. "Ana adabu."

Mtoto alikuja kabla ya saa sita mchana, wa kiume, anapiga kelele. Kondo la nyuma likafuata lenyewe. Na kisha damu ikaja, kama nilivyoogopa, nyingi, ya kimyakimya. Mama Daktari akachoma sindano iliyokuwa tayari mezani. Mimi nikaweka kiganja juu ya tumbo, nikakanda, nikatafuta, nikakanda, kama mkono wangu ulivyoshikwa na mkono mwingine mara nyingi, mpaka nikasikia mji ule unaanza kukusanyika chini ya vidole, ukawa mgumu kama kibuyu. Sikuondoa mkono. Damu ikapungua, ikakoma. Yule mama akaomba maji. Nimezalisha maisha yangu yote baada ya hapo, na bado nikikumbuka ile ngumi ndogo ikijifunga chini ya kiganja changu nywele zinanisimama. Mkaguzi alikuwa ameivua miwani yake.

Alituita ofisini kwa Mama Daktari, mimi na Leokadia. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake ndipo ilipopita kamba ya kuanikia nguo. Mkaguzi akaniuliza, "Kuuliza vile kwa majina, hakumo kwenye kitabu chochote ninachokijua. Nani alikufundisha?"

Mama Daktari alikuwa anaitazama sakafu. Nikafikiria ile fomu. Nikawafikiria wenzangu wanne walioko chumbani, na jembe. "Mama Daktari," nikasema.

"Si kweli," akasema Leokadia.

Nilimgeukia. Ile saa yake ilikuwa inacheza kifuani. "Alifundishwa na Yustina. Sote tumefundishwa na Yustina, na mimi pia. Mimi nilijua kwamba yule mama hawezi kutaja hesabu. Hata kwetu ziwani hawataji. Lakini nilikuogopa wewe, mama. Niliona nikianza kuuliza habari za mbuzi utaniona mshamba, nikauliza kama kitabu. Mama yule angekufa na karatasi yangu ikiwa safi."

Mkaguzi akaomba Yustina aitwe, na haikuwa lazima kumwita mbali. Aliinuka chini ya dirisha, shuka lenye maji mikononi, akazunguka akaingia na povu la sabuni hadi viwikoni. Alikuwa amesikia yote. Mkaguzi akamkaribisha kiti, akakataa, akakaa sakafuni. "Umefundisha wanafunzi wangapi?" Yustina akatabasamu, na mimi nikajua anachofikiri, kwamba sasa ni zamu yake kuwa na adabu. Hakutaja hesabu. Akaanza majina. Elizabeti, yuko Kimuli, watu wanambebea wagonjwa kwake kabla ya kuja kwetu. Yulita, alivuka kwenda ng'ambo ya mto. Anastela, alizalisha wakati wa njaa bila kupoteza hata mmoja. Akaendelea, na kwa kila jina alisema yule mtu yuko wapi na mikono yake ikoje: huyu mzito lakini hachoki, yule mwoga na woga wake unamsaidia. Mkaguzi alikuwa anaandika. Aliufikia mwisho wa ukurasa, akafunua mwingine, kisha akaacha kuandika na kusikiliza tu. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ilikuwa nchi yetu nzima inatajwa, vijiji kwa vijiji, na katika kila kijiji kuna mkono wa Yustina. Akafika kwetu, akawataja wale wanne mmoja mmoja. Akamtaja Ruta aliyeko ziwani. "Na huyu mgeni," akasema, akimtazama Leokadia, "ni wangu pia, nimemchukua." Kisha akainuka, akaomba ruhusa kwenda kumalizia mashuka. Jina langu hakulitaja.

Barua ilichukua muda kufika. Mama Daktari alitusomea uwanjani. Cheti kitatolewa na chuo cha ziwani, hilo limekwisha kuamuliwa. Lakini hakuna atakayepewa bila kukaa miezi sita ya mwisho kwetu kilimani, na sisi tuliokuwepo tutahesabiwa tumemaliza. Na kila cheti kitatiwa alama mbili za mkono, ya mkuu wa chuo na ya mkufunzi wa vitendo, naye ni Yustina. Tuliruka, tulipiga vigelegele. Yustina akauliza mkufunzi ni nini, akaelezwa, akasema kwa heshima ya kwetu, "Sawa, waitu. Na ufagio atashika nani?" Leokadia akanikumbatia kwa nguvu. Nilicheka pamoja nao, lakini moyo wangu ulikuwa mzito tangu siku ile ya majina. Yustina hakuninyima kitu. Alinifundisha kama zamani, alinisalimu, alinipa kiti cha jiko kukiwa na baridi. Kwa wiki zile zote nilitafuta namna ya kumwomba radhi, na kila nikimkaribia maneno yanakauka.

Vyeti vililetwa na lori la kahawa. Meza ikatolewa barazani, na kidau cha wino, kwa kuwa Yustina hakujua kuandika, na mkaguzi mwenyewe alikuwa ameandika kwamba dole gumba lake linatosha. Tukaitwa mmoja mmoja. Kila aliyefika, Yustina alimshika mkono kwanza, akaupapasa kama anavyopapasa tumbo, kisha anachovya dole na kupiga. Leokadia akapigiwa, akalia. Nikabaki mimi. Nilisimama mbele ya meza nikaweka karatasi yangu, na Yustina hakunishika mkono wala hakuchovya. Alinitazama kwa utulivu, kama watu wazima wa kwetu wanavyomtazama mtoto waliyemkuta njiani, akaniuliza swali ambalo mtoto huyo huulizwa.

"Na wewe ni wa nani?"

Wenzangu wote walikuwa wamesimama pale, na Mama Daktari, na mchungaji, na dereva wa lori.

"Ni wako, mama," nikasema. "Ni wa Yustina." Nikarudia kwa sauti ili wa mwisho kule barazani asikie.

Akachovya dole lote hadi kwenye kiungo, akalikandamiza kwenye karatasi yangu, na hakuliinua upesi.